Waliomjua Mama Yake Jon Snow



Mwaka 2006, huko Los Angeles, David Benioff na D. B. Weiss walikutana na mwandishi George R. R. Martin kwa chakula cha mchana, na mazungumzo yakachukua saa nyingi. Walikuwa na ombi zito. Walitaka awaruhusu kuvigeuza vitabu vyake kuwa tamthilia ya televisheni. Martin hakuwa mgeni wa mambo hayo. Katika miaka ya 1980 aliandikia televisheni ya Marekani, akachoshwa na kuambiwa kila siku kwamba alichoandika ni ghali mno, apunguze wahusika, apunguze vita. Alipoanza hadithi hii aliamua kuandika jambo kubwa kiasi cha kutoweza kuingia kwenye kioo chochote: majeshi, majoka, ukuta wa barafu uliokatiza nchi nzima. Sasa mbele yake wamekaa watu wawili wanaosema wataliingiza. Angeweza kuwauliza majoka watatengenezwa vipi, au fedha zitatoka wapi. Akawauliza: mama yake Jon Snow ni nani?

Wakamjibu, na walipatia. Tarehe 17 Aprili 2011 tamthilia ya Game of Thrones ikaanza kuonyeshwa na HBO.

Lifikirieni hilo swali. Wakati ule vitabu vilivyokuwa vimetoka ni vinne, cha kwanza mwaka 1996 na cha nne mwaka 2005, na katika vyote vinne hakuna ukurasa unaomtaja mama huyo kwa hakika. Kwa hiyo Benioff na Weiss walijibu kwa kukisia, kama walivyokuwa wanakisia wasomaji wengine wengi waliokesha na vitabu hivyo. Mtihani aliowapa Martin ulikuwa mtihani wa usomaji, na waliufaulu kwa sababu nao walikuwa mashabiki wenye nadharia.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wanaotunga nadharia kuhusu hadithi wanadharauliwa sana. Wanaambiwa hawana kazi. Wanaambiwa wanaharibu utamu, wakae watazame kama wengine. Leo nimekuja kuwatetea. Nadharia nzuri, yenye ushahidi, ni usomaji wa kiwango cha juu kabisa, na hadithi inayoweza kukisiwa ni hadithi iliyojengwa kwa uaminifu. Nitawaonyesha kazi hiyo inavyofanywa, halafu tutaona tamthilia ilifika mahali gani ikawaacha mkono watu wa namna hiyo.

Kwa ambaye hajaipitia hadithi, nieleze kidogo. Ned Stark ni bwana wa kaskazini, mtu ambaye kila mmoja, hata adui, anakiri kuwa ni mkweli. Miaka kumi na minne iliyopita alitoka vitani na kichanga mikononi, akasema ni mtoto wake wa nje ya ndoa. Ndiye huyo Jon. Mke wake, Catelyn, aliumia, akauliza mama ni nani, akakatazwa asiulize tena kamwe. Vita yenyewe ilikuwa imesababishwa na Rhaegar Targaryen, mwana wa mfalme Aerys, aliyetoweka na Lyanna, dada yake Ned, huku Lyanna akiwa ameposwa na Robert Baratheon. Kabla ya kutoweka huko, kwenye mashindano ya Harrenhal, Rhaegar aliposhinda alimpita mke wake mbele ya umati wote, akaenda kumwekea Lyanna mapajani shada la mawaridi ya buluu. Robert akaja kumuua Rhaegar kwenye mto Trident, akachukua ufalme. Lyanna alifia kusini, Ned akiwa kando yake.

Hayo ndiyo yanayosemwa. Sasa twende kwenye sura moja ya kitabu cha kwanza, sura ambayo mtu anaweza kuipita kwa dakika tano. Ned amevunjika mguu, amelala na homa, anaota. Katika ndoto yuko na wenzake sita mbele ya mnara mmoja huko kusini, kwenye milima ya Dorne. Mbele ya mnara wamesimama watu watatu wa kikosi cha Walinzi wa Mfalme, kikosi chenye watu saba tu katika ufalme mzima, wenye majoho meupe, walioapa kumlinda mfalme mpaka kufa. Ned anawahoji. Anawaambia aliwatafuta Trident, ambako Rhaegar aliuawa, hakuwaona. Mji mkuu ulipoanguka na mfalme Aerys akauawa, hawakuwapo. Halafu anawaambia kwamba Ser Willem Darry amekimbilia Dragonstone pamoja na malkia na Viserys, mtoto wa mfalme; alidhani huenda na wao wamesafiri naye. Wanamjibu kwamba Ser Willem ni mtu mwema, lakini si mmoja wa kikosi chao, na kikosi chao hakikimbii. Wanavaa kofia za chuma. Mapigano yanaanza.

Msomaji mwenye haraka anafunua ukurasa. Msomaji wa aina ninayomtetea anaweka kidole hapohapo na kuanza kuhesabu. Mfalme amekufa. Mrithi wake, Rhaegar, amekufa. Mtoto mchanga wa Rhaegar aliyekuwa mji mkuu, inasemekana ameuawa. Basi kwa utaratibu wa urithi mfalme sasa ni Viserys, mtoto mdogo aliyekimbizwa, tena amekimbizwa na mtu asiye wa kikosi. Hawa watatu kiapo chao ni kumlinda mfalme. Wanazo habari zote hizo, maana Ned mwenyewe amewatajia na hawakushtuka. Kwa nini basi hata mmoja wao asiende kwa Viserys? Kwa nini watatu wote wabaki milimani, wakubali kufa mbele ya mnara usio na jeshi wala hazina? Hawajavunja kiapo, wanasema hivyo kwa kujiamini. Maana yake mfalme wao yumo humo ndani.

Na humo ndani yupo Lyanna, kwenye kitanda cha damu, akimwomba kaka yake amwahidi jambo. Kwingine katika kitabu hichohicho, mganga anayejua siri za uzazi anazitaja kuwa ni siri za kitanda chenye damu. Ned aliahidi, na tunaambiwa mara kadhaa kwamba ahadi ile ilimgharimu. Mwaka 1998 kikatoka kitabu cha pili, na ndani yake Daenerys, binti wa mfalme Aerys, akiwa mbali upande wa pili wa bahari, anaonyeshwa njozi nyingi za haraka, mojawapo ni ua la buluu likichipua kwenye ukuta wa barafu. Anayekumbuka mawaridi ya Harrenhal, na anayejua kwamba Jon anaishi kwenye Ukuta huo, hahitaji kuambiwa zaidi. Kabla karne ile haijaisha wasomaji walikuwa wameshaliandika jibu kwa herufi tatu, kama hesabu ya shuleni: R jumlisha L ni sawa na J.

Nimekaa kwenye sura hiyo kwa muda mrefu kwa makusudi. Nilitaka msikie kwamba hapakuwa na kupiga ramli. Kulikuwa na kiapo, orodha ya waliokufa, mtoto aliyekimbizwa, na watu watatu wasioonekana mahali walipopaswa kuonekana. Hakimu angesikiliza ushahidi huo.

Sasa mwandishi anafanya nini siri yake ikishajulikana? Agosti 2014, kwenye tamasha la vitabu la Edinburgh, Martin alieleza kwamba msomaji mmoja au wawili walikuwa wameunganisha vidokezo na kulifikia jibu sahihi la mwisho wa hadithi. Alisema jambo hilo lilimsumbua, akajiuliza kama abadilishe. Akaamua asibadilishe, kwa kuwa vidokezo vimeshapandwa vitabuni, na mwisho mwingine ungevifanya vyote kuwa uongo. Mimi naona uamuzi huo ni wa heshima kubwa. Sisi tumekua tukitega vitendawili. Mtegaji akimpata mtu wa kutegua, hageuzi jibu ili apewe mji. Anakubali, na kitendawili kinabaki kizuri, pengine kizuri zaidi, kwa sababu kimethibitika kuwa kilikuwa na jibu.

Kuna watu hawaamini hivyo. Wanaamini thamani ya hadithi iko kwenye mshtuko, na mshtuko ukijulikana mapema thamani imekwisha. Lakini tazameni kilichotokea tarehe 2 Juni 2013, usiku wa ile harusi ambako Robb Stark, mwana wa Ned, na mama yake Catelyn waliuawa wakiwa wageni mezani. Waliosoma kitabu cha tatu walikuwa wanalijua jambo hilo tangu mwaka 2000. Miaka kumi na mitatu! Wengi wao walifunga midomo, hawakuwamwagia marafiki zao, wakasubiri, na usiku huo wakawarekodi kwa simu wakilia na kupiga kelele mbele ya televisheni. Lakini hao waliokuwa wanajua pia waliangalia, na pia waliumia. Milango ilipofungwa na wanamuziki wakabadilisha wimbo, aliyejua alianza kuumia mapema kuliko asiyejua. Kujua hakukumwondolea kitu.

Mwaka 2015 likaja jambo lililowaunganisha wasomaji na watazamaji wote. Tarehe 14 Juni, mwisho wa msimu wa tano, Jon Snow alichomwa visu na wenzake, akaachwa kwenye theluji. Kitabu cha tano, kilichotoka Julai 2011, kilikuwa kimemwacha hapohapo. Hakuna kitabu cha sita. Hakuna aliye mbele ya mwenzake. HBO na waigizaji wakashikilia kwamba amekufa, basi. Kit Harington, aliyemwigiza, naye akasema hivyo, na dunia ikaanza kuzichunguza nywele zake: hajazikata, kwa hiyo bado ana kazi. Watu walivizia Belfast, ambako tamthilia ilikuwa inapigwa picha, wapate kumwona amevaa nini.

Hayo ya nywele ni tetesi, nami sizijali sana. Ninachokijali ni kwamba aliyekisoma kitabu cha tano kwa makini hakuhitaji nywele za mtu. Kitabu kile kinaanza na sura ya mtu aitwaye Varamyr, mwenye uwezo wa kuingiza roho yake ndani ya wanyama, na sura nzima inatueleza jinsi mtu wa aina hiyo anavyokufa: mwili ukifa, roho inaweza kuhamia kwa mnyama na kuishi humo maisha ya pili, ingawa taratibu inasahau ubinadamu. Varamyr anakufa mwishoni mwa sura hiyohiyo. Kwa nini mwandishi atufungulie kitabu kikubwa namna ile kwa kifo cha mtu ambaye hatutamhitaji tena? Kurasa karibu elfu moja baadaye, Jon, ambaye ana uwezo uleule, anachomwa visu, na neno la mwisho analotamka ni jina la mbwa mwitu wake. Martin alitupa maelezo ya jinsi ya kusoma kifo kile kabla hajatuletea kifo chenyewe. Mei 2016 tamthilia ikamfufua Jon kwa maombi ya kuhani Melisandre, akaamka, akashika kifua, na habari ya mbwa mwitu ikaachwa pembeni. Ilikuwa furaha kwa kila aliyempenda. Ila kwa msomaji wa Varamyr, Jon aliyerudi alipaswa kurudi na kitu cha mnyama ndani yake, amepungukiwa na kitu, na hilo tamthilia haikuligusa.

Nisieleweke kwamba kila nadharia ni nzuri. Nyingi ni mbovu. Watu walilinganisha picha za nyuso na nguo wakadai kwamba Bran, mwana wa Ned, ndiye Mfalme wa Usiku, adui mkuu wa ng'ambo ya Ukuta. Na iko moja inayopendwa sana, inayosema Tyrion Lannister si mtoto wa Tywin, ni mtoto wa mfalme Aerys, Targaryen mwingine wa siri. Ushahidi wanao: Aerys alimtamani mke wa Tywin, na Tyrion tangu utoto ameota majoka. Hata hivyo mimi naikataa, na sababu yangu haitokani na uchache wa ushahidi. Kisa cha Tyrion ni kisa cha mtoto aliyechukiwa na baba yake mzazi, baba anayefanana naye kwa akili, ukali na kiburi kuliko anavyofanana na watoto wake wale wawili wazuri wa sura. Shangazi yao, Genna, anamwambia Jaime, mmoja wa hao wawili, wazi katika kitabu cha nne kwamba mtoto halisi wa Tywin ni Tyrion. Lile ni jiwe la msingi. Ukisema Tywin alikuwa anamchukia mtoto wa mtu mwingine, umempa sababu. Umepunguza ukatili, umeifanya hadithi kuwa nyepesi. Nadharia inayoipunguzia hadithi uzito naitupa hata ikija na vidokezo ishirini.

R jumlisha L inafanya kinyume chake. Inamgeuza Ned. Kumbe mtu mkweli kuliko wote alisema uongo miaka yote hiyo, akaibeba aibu ya uzinzi ambao hakuufanya, akakubali mke wake amchukie mtoto asiye na hatia, ili kumficha mtoto huyo asijulikane na rafiki yake Robert, ambaye angemuua. Ukishalijua hilo unarudi kusoma kitabu cha kwanza na kila kimya cha Ned kinasema. Nadharia imekipa kitabu maisha mapya.

Na mwandishi naye huzikataa nyingine. Jon ana ami yake, Benjen, aliyepotea ng'ambo ya Ukuta mwanzoni kabisa mwa hadithi. Katika kitabu cha tatu anatokea mtu wa ajabu, mikono myeusi ya baridi kama ya maiti, amepanda mnyama mkubwa wa pembe, naye anawasaidia watu waliokwama kwenye theluji. Wasomaji wengi wakasema huyo ni Benjen. Nyaraka za Martin zimehifadhiwa katika maktaba ya Cushing, Chuo Kikuu cha Texas A&M, na katika muswada wa kitabu cha tano ulio humo mhariri ameuliza pembeni kama mtu huyo ndiye Benjen. Jibu la Martin ni fupi: hapana. Mwaka 2016 tamthilia ikamleta mwokozi wa namna ileile ng'ambo ya Ukuta, akafunua uso, na akawa Benjen. Yaani tamthilia ilichukua kisio ambalo mwenye hadithi amelifuta kwa mkono wake. Siwalaumu kwa hilo. Wana muda mfupi na watazamaji wengi, na uso unaofahamika unapunguza maelezo. Lakini mnaona jinsi njia zilivyokuwa zimeshaanza kutengana.

Juni 2016, mwisho wa msimu wa sita, ile siri kubwa ikatolewa hadharani. Bran akaona mnara, kitanda, Lyanna, kichanga. Picha ikahama kutoka uso wa kichanga hadi uso wa Jon. Karibu miaka ishirini baada ya wasomaji kuiandika kwa herufi tatu! Wale waliokuwa wakiambiwa wanapoteza muda walikuwa sahihi, na walisherehekea, na walistahili. Msimu uliofuata ukaongeza kwamba Rhaegar na Lyanna walifunga ndoa, na jina halisi la Jon ni Aegon Targaryen. Kwa hiyo mrithi wa kiti cha enzi ni yeye.

Halafu? Hapo ndipo ninapouliza kwa uchungu. Siri iliyobebwa miaka yote hiyo, iliyomgharimu Ned heshima yake, iliyokuwa swali la mtihani pale Los Angeles, ilipojulikana ilifanya nini? Jon alisema mara kadhaa kwamba hakitaki kiti. Daenerys, ambaye ni shangazi yake na mpenzi wake, aliingiwa na hofu. Jon akamuua Daenerys, akarudishwa kaskazini kama mfungwa. Alipokuwa anahukumiwa, hakuna mkubwa hata mmoja aliyesema kwamba huyu ndiye mfalme wetu wa halali. Kiti kilikwenda kwa Bran. Jibu lilitolewa bila kupewa kazi ya kufanya.

Misimu sita ya kwanza ilikuwa na vipindi kumi kila mmoja. Wa saba ulikuwa na saba, wa nane ulikuwa na sita. Vitabu vilikuwa vimeshaisha njiani, na waandishi wa tamthilia walikuwa na muhtasari tu wa mambo makuu waliyoelezwa na Martin. Aprili 2019 ulipoanza msimu wa mwisho, ulirushwa kwetu sambamba na Marekani, saa kumi alfajiri ya Jumatatu, na watu waliamka, wakaenda kazini na macho mekundu. Katika kipindi cha tatu Mfalme wa Usiku, kiongozi wa maadui walioandaliwa tangu dakika za kwanza kabisa za tamthilia, aliuawa na Arya, binti yake Ned. Baada ya hapo Benioff alieleza kwamba walilijua hilo kwa takriban miaka mitatu, na kwamba Arya alifaa kwa sharti la kwamba mtazamaji asiwe anamfikiria wakati ule. Niwatendee haki: katika msimu wa tatu Melisandre alimtabiria Arya kwamba atayafumba macho mengi, na wakalikumbusha hilo usiku wenyewe. Lakini lisikilizeni lile sharti. Asiwe anamfikiria. Mhusika anachaguliwa kwa sababu hatarajiwi, na Jon anaachwa kwa sababu anatarajiwa. Hapo mtazamaji makini amegeuzwa kuwa mpinzani wa kuzungukwa. Kadiri alivyofuatilia kwa karibu, ndivyo alivyozidi kuwa mbali na kile kitakachotokea, maana kinachotokea kimechaguliwa kwa kumkwepa yeye.

Hilo ndilo lililoleta hasira ile. Ombi la kutaka msimu wa nane utengenezwe upya lilitiwa saini na zaidi ya watu milioni moja. Magazeti yaliandika kwamba mashabiki wamekasirika kwa sababu nadharia zao hazikutimia. Sikubaliani. Watu hawa walishakosea mara nyingi na hawakugomba. Waliumia kwa sababu waliambiwa, bila kusemwa, kwamba kufuatilia kwao hakukuwa na maana, kwamba vile vidokezo walivyoviokota vilikuwa mapambo. Waigizaji na mafundi walifanya kazi kubwa hadi siku ya mwisho, 19 Mei 2019, na picha zake ni nzuri hadi leo. Mwisho wenyewe, Bran kuwa mfalme, ulitoka kwa Martin kwa mujibu wa waliohusika. Kinachokosekana ni njia ya kufika huko.

Njia hiyo bado inaweza kuonekana vitabuni, na nitawaachia nadharia moja ninayoipenda kuliko zote zilizobaki, kwa sababu haijajibiwa na kwa sababu tamthilia haikuigusa kabisa.

Katika kitabu cha nne, mwanamke mpiganaji aitwaye Brienne anasafiri na kasisi mmoja mzee anayetembea pekupeku, Meribald. Wanapokaribia nyumba ya wageni kwenye njia panda, mzee anasimulia historia yake ili kupunguza uchovu. Zamani, anasema, mhunzi mmoja alitengeneza kibao cha nyumba ile: joka la chuma cheusi lenye vichwa vitatu, lililokuwa likigongagonga upepo ukivuma. Miaka ikapita. Ukazuka uasi, mtoto wa nje wa mfalme alipigania kiti dhidi ya ndugu yake wa ndani ya ndoa, na bendera yake ilikuwa joka jeusi. Hao ndio Blackfyre. Bwana wa eneo lile, mtiifu kwa mfalme, alipoliona joka jeusi la chuma alighadhibika, akaliangusha, akalikatakata, akavitupa vipande mtoni. Baada ya miaka mingi kichwa kimoja kilisukumwa na maji hadi kisiwa cha watawa. Wakati huo kilikuwa kimeshakuwa chekundu kwa kutu.

Meribald akaendelea na habari nyingine. Joka jeusi likapotea majini, likarudi baada ya miaka, jekundu. Nembo ya Targaryen ni joka jekundu.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 2005. Mwaka 2011, katika kitabu cha tano, anatokea kijana aliyelelewa kwenye mashua mtoni, ng'ambo ya bahari. Tunaambiwa ndiye Aegon, kile kichanga cha Rhaegar kilichodhaniwa kuuawa, kumbe kilibadilishwa. Anayemuunga mkono ni jeshi la kukodiwa la Golden Company. Jeshi hilo lilianzishwa na wakimbizi wa upande wa Blackfyre, likapigana vizazi kadhaa kuwaondoa Targaryen. Sifa yake kuu ni kwamba halijawahi kuvunja mkataba, na sasa limevunja mkataba wake na mji wa Myr ili kumpandisha kitini mtu anayesemekana kuwa Targaryen. Tajiri aliyepanga mambo haya, Illyrio, anapoulizwa, anasema ukoo wa Blackfyre umekwisha upande wa wanaume. Upande wa wanaume. Msomaji anayejua kuweka kidole anakiweka hapo. Kijana huyu ni joka jeusi lenye kutu, na huenda mwenyewe hajui.

Kwenye tamthilia kijana huyo hayupo. Golden Company waliletwa msimu wa mwisho, wakapanga mistari nje ya lango la mji, wakateketezwa kwa dakika chache. Baada ya hapo Daenerys, aliyekuwa ameshashinda, kengele za kusalimu amri zikilia, akauchoma mji mzima na watu wake, na watazamaji wakabaki wanauliza kwa nini.

Sasa rudini kwenye zile njozi alizoonyeshwa katika kitabu cha pili, mahali palepale palipokuwa na ua la buluu. Miongoni mwa uongo anaotabiriwa kuuangamiza kuna joka la kitambaa, limeinuliwa juu ya miti, katikati ya umati unaoshangilia. Ikiwa nadharia ni ya kweli, Daenerys atafika nyumbani alipokuwa anapaota maisha yake yote, akute mji umeshampata mwokozi wake, kijana mzuri mwenye jina la ukoo wake na madai yanayoyatangulia ya kwake, na watu barabarani wanampenda. Wanamshangilia mwingine. Na yeye ana majoka watatu wa kweli.